Mhariri, avareji ya kompyuta haitusaidii, tupeni namba ya siku mbaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Najua wengi wanaokuandikia wanalia na maji, barabara na mwendokasi, na mimi hayo yote ninayo, ila leo nina langu la kompyuta na likinikalia moyoni wiki nyingine ntakua mgonjwa.

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa teknolojia ulikua na makala kuhusu mifumo endeshi ya muda halisi (mfumo endeshi ni programu kuu inayogawa kazi ndani ya kompyuta), ile inayoendesha mashine za viwandani, roboti, vifaa vya hospitali na kadhalika. Nikafurahi maana ni nadra gazeti la Kiswahili kugusa mambo haya, nikaita na vijana wa karakana waje tusome pamoja. Sasa kufika katikati mwandishi anatuambia mfumo wa muda halisi ni ule wenye spidi kali kuliko mingine, na ushahidi wake ni namba moja tu, avareji ya maikrosekunde kadhaa, basi imeisha hiyo. Nikaweka chai chini.

Muda halisi sio spidi jamani. Muadhini hasifiwi kwa kukimbia, anasifiwa kwa adhana ya magharibi kusikika magharibi. Akiadhini vizuri siku 29 za Ramadhani alafu siku ya 30 akachelewa nusu saa, hakuna mtu mtaani atakayepiga hesabu ya wastani amwambie hongera sheikh, kwa mwezi mzima umechelewa dakika 1 tu kwa siku. Wote watakumbuka ile siku moja walivokaa na tende mkononi. Kompyuta inayofunga valvu au kusimamisha msumeno ni hivo hivo, tunachotaka kujua ni siku yake mbaya kuliko zote ilichelewa kiasi gani, na siku hiyo ilikua imebebeshwa nini.

Naongea kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Mimi ni fundi wa mashine ndogo ndogo, karakana yangu iko Tabata, na miaka ya karibuni tumekua tukifunga mashine za kujaza mafuta ya alizeti kwenye chupa, wateja wengi wako Singida. Mashine moja tuliipata kwa muuzaji fulani, simtaji, ikaja na kompyuta yake ndogo ya bodi moja, skrini ya kugusa, waifai, na karatasi nzuri ya rangi imeandikwa ucheleweshaji avareji maikrosekunde 9. Maikrosekunde 9! Sekunde moja ina maikrosekunde milioni 1, kwa hiyo ukisoma haraka unaona hii kitu ni malaika. Tuliijaribu mezani dakika kama kumi kwa maji, chupa zote sawa, tukaipeleka.

Baada ya wiki mbili tatu simu zikaanza, chupa zinafurika. Sio zote, labda moja kwenye mia kadhaa, siku nyingine hamna kabisa, siku nyingine tatu ndani ya saa moja. Nozeli ile inamwaga mililita 400 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde 1 valvu ikichelewa kufunga ni mililita 0.4, ni kidogo, jicho halioni. Ila hizi zilikua zinafurika shingoni mpaka lebo inalowa. Mwenye kiwanda akaamua kuna mkono wa mtu, kijana anayesimamia mashine anachezea ili mafuta yanayomwagika kwenye trei aondoke nayo. Kijana akakatwa mshahara. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipopigiwa simu nilikubali kwamba inawezekana, maana karatasi si ilisema maikrosekunde 9, mashine itakoseaje.

Nilipopanda basi kwenda kuangalia mwenyewe ndo nikaelewa. Pale mezani kwetu ile kompyuta ilikua haina kazi nyingine yoyote. Kule kiwandani ilikua inachora namba kwenye skrini muda wote, inaandika ripoti ya kila chupa kwenye kadi ya memori, inatuma taarifa kwa waifai kwenye simu ya bosi, na vijana walikua wamegundua inaweza kupiga muziki kwa hiyo na spika imechomekwa. Kwa hiyo ile tuliyoipima na ile iliyofanya kazi ni kompyuta mbili tofauti, ingawa ni boksi lile lile.

Sasa nieleze inavopimwa maana makala yenu iliruka hapo na ndo pana utamu. Kuna programu ya bure ya Linux (mfumo endeshi usiolipiwa) inaitwa cyclictest, aliianzisha Mjerumani Thomas Gleixner. Inachofanya ni kitu cha kijinga kabisa ukikisikia, inalala, inaomba iamshwe saa fulani kamili, ikiamka inaangalia saa na kujiuliza nimechelewa kiasi gani, inaandika, inalala tena. Inarudia hivo kila maikrosekunde 1,000 au 200 au utakavyo, mara milioni na milioni. Mwisho inakupa namba ya chini, avareji, na namba ya juu kabisa, na ukitaka inakugawia hesabu zote kwamba waliochelewa maikrosekunde 5 ni wangapi, 6 wangapi, mpaka yule mmoja wa mwisho aliyepotea njia. Huyo wa mwisho ndo tunamtafuta. Wengine waliobaki wakae nyumbani.

Ila ukiiendesha kwenye mashine iliyotulia unajidanganya. Lazima uitese. Kuna hackbench, inazalisha michakato mingi inayotumiana ujumbe bila kupumzika mpaka prosesa inajaa, kuna stress-ng ambayo ina namna nyingi sana za kutesa, memori, diski, hesabu, unachagua. Sisi tuliwasha hackbench, tukaanza kunakili mafaili makubwa kwenye kadi, tukachukua laptopu tukaishambulia kwa ping (vijumbe vya kuuliza upo?) za mfululizo kwenye waifai, na kijana mmoja akapewa kazi ya kupapasa skrini na kufungua kurasa bila kuacha, muziki nao ukawashwa, singeli, maana tulitaka iwe kama siku yenyewe. Na hapa wengi wanakosea, wanatesa prosesa peke yake wanasema tumepima kwenye mzigo mzito. Mzigo una aina zake bwana. Ule wa hesabu unaweza usicheleweshe chochote, alafu kadi ya memori ya elfu kumi ikakuharibia kila kitu.

Matokeo baada ya masaa sita: avareji maikrosekunde 12. Namba ya juu 4,107.

Yaani wastani ulisogea kutoka 9 kwenda 12, ukionyeshwa huo peke yake unasema mashine imara kabisa hii, kumbe yule wa mwisho kachelewa milisekunde 4 na zaidi. Hiyo ndo picha niliyotaka wasomaji wenu waione, mzigo hauli wastani, unakula mkia.

Lakini mwenye akili atapiga hesabu, milisekunde 4 mara 0.4 ni mililita 1.6, hiyo haifurishi chupa. Na sisi tulikwama hapo siku nzima. Mwisho tukaazima osiloskopu chuoni, kile kifaa kinachochora umeme kwenye skrini, tukaweka waya mmoja kwenye sensa (kihisio cha chupa) na mwingine kwenye waya wa valvu wenyewe, tukapima safari nzima kuanzia sensa inapopiga kelele chupa imejaa mpaka valvu inapopata amri. Milisekunde 27. Hiyo sasa ni mililita karibu 11 na ndo mafuta ya kwenye lebo.

Kumbe kulikua na makosa mawili yamebebana. Cyclictest tuliyoiendesha ilikua imefungiwa kwenye memori, haitolewi, lakini programu ya muuzaji inayofunga valvu haikufungiwa. Memori ikibanwa, kipande chake ambacho hakijatumika kwa muda kinatupwa nje, kikihitajika kinasomwa upya kutoka kwenye kadi, na kadi wakati huo ina foleni ya ripoti. Na aliyeandika programu alikua anaandika ripoti ndani ya kazi ile ile inayofunga valvu, yaani mtu umempa kushika breki na kuandika barua kwa mkono huo huo. Kwa hiyo mfumo endeshi ulikua na dhambi yake ya milisekunde 4, zilizobaki ni za programu. Ndo maana nasema ukipima mfumo endeshi peke yake usidhani umepima mashine, pima kwenye waya.

Wasomaji wasije wakaona haya ni makosa ya sisi mafundi wa Tabata. Julai 4, 1997 Wamarekani walitua chombo cha Mars Pathfinder kwenye sayari ya Mars, ndani kina VxWorks, mfumo endeshi wa muda halisi wa kulipia na wenye jina. Siku chache baadae kompyuta ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kazi kubwa ya kusimamia basi ya data (njia ya kupitishia data, sio basi la stendi ya Mbezi) ilikua inasubiri kufuli lililoshikwa na kazi ndogo ya kukusanya hali ya hewa, na hiyo ndogo haipati nafasi ya kumaliza kwa sababu kazi za kati zinaisukuma pembeni. Fikiria Kariakoo, tajiri anasubiri funguo ya stoo, funguo iko kwa kibarua, kibarua kasimamishwa njiani na watu wa kati ambao hata hawajui kuna tajiri anasubiri, na tajiri kwa ukubwa wake wote kakwama. Dawa yake ni kibarua kuazimwa cheo cha tajiri mpaka arudishe funguo. VxWorks ilikua na dawa hiyo tayari ila kwa lile kufuli ilikua imezimwa, wakaiwasha kutoka huku duniani na tatizo likaisha.

Kinachonihusu mimi ni alichokuja kuandika Glenn Reeves aliyeongoza programu za chombo kile, kwamba kabla ya kuruka walijaribu kwa kiwango cha data walichodhani ndo cha juu, na kule Mars data ikaja nyingi kuliko walivyotegemea. Mambo yalienda vizuri kupita matarajio, na huo uzuri ndo ukawa mzigo ambao hawakuupima. Na dalili za kujizima zilishaonekana kwenye majaribio huku chini, ila hazikujirudia vya kutosha mtu akazikamata. Nikisoma hapo namkumbuka yule kijana na chupa yake moja kwenye mia kadhaa.

Kuna na upande wa pili, Apollo 11, Julai 20, 1969, wanashuka mwezini kengele ya 1202 inalia, kompyuta imezidiwa kazi kwa sababu rada ambayo haikuhitajika pale ilikua inaiibia muda. Programu ikajianzisha upya, ikatupa kazi za pembeni, ikaendelea na ya kutua. Mzigo ulizidi na kilicho muhimu hakikuchelewa. Ule mwaka 1969, na sisi leo tunafurisha mafuta.

Turudi kwenye Linux maana ndo iko kwenye hizi bodi za bei nafuu. Linux ya kawaida haikutengenezwa kwa muda halisi, kuna sehemu nyingi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambapo ikishaanza kazi haikatizwi hata uje na cheo gani. Kina Gleixner, Ingo Molnar, Steven Rostedt na wenzao walihangaika karibu miaka 20 na mradi unaoitwa PREEMPT_RT kuzifanya hizo sehemu zikatizike, na ulikua unabandikwa pembeni kama kiraka mpaka Septemba 2024 huko Vienna, Gleixner alipompa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ombi la kuuingiza likiwa limechapwa kwenye karatasi. Ukatoka rasmi ndani ya Linux 6.12 Novemba mwaka huo. Sasa unaiwasha tu unapojenga kerneli, zamani ilikua ni kutafuta kiraka cha toleo lako na kuomba dua.

Na ukiona ile karatasi ya avareji 9 ya muuzaji wangu, linganisha na wanavofanya OSADL, shirika la wanaotumia Linux kwenye mashine za viwandani, kule Ujerumani. Wana shamba zima la kompyuta zimepangwa kwenye rafu, kila moja inaendeshwa cyclictest mizunguko milioni 100 kila maikrosekunde 200, hiyo ni masaa 5 na dakika 33, na wanaweka mchoro wote hadharani pamoja na amri waliyotumia. Milioni 100! Sisi tulipima dakika kumi tukasema alhamdulillah.

Mambo mengine mawili matatu niyaseme haraka. Kwenye kompyuta za kawaida za mezani kuna kitu bodi yenyewe inafanya chini ya mfumo endeshi, inamnyang'anya prosesa muda bila kumwambia, na hata uweke kerneli gani haisaidii, kuna programu ya hwlatdetect ya kukamata wizi huo, ukiukuta badilisha bodi. Alafu hili lilinishangaza, mashine iliyotulia kabisa wakati mwingine inachelewa kuliko yenye kazi, kwa sababu prosesa ikikosa kazi inalala usingizi mzito kuokoa umeme na kuamka kunachukua muda. Na cyclictest yenyewe ikiwaka inaiomba prosesa isilale, kwa hiyo inakuletea namba nzuri ambazo programu yako haitazipata isipoomba hivo hivo. Kipimo kinampendezesha mpimwa, kama mwanafunzi mkaguzi akiingia darasani.

Na joto. Raspberry Pi, moja ya hizo bodi ndogo, ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza mwendo yenyewe isiungue. Karakana yetu Tabata ina feni, kiwanda kina bati juu na boksi limefungwa kuzuia mafuta. Saa nane mchana ndani ya boksi lile usiguse. Muuzaji aliyepima ofisini kwenye kiyoyozi hana habari na hilo, kwa hiyo na sisi sasa tunapima boksi likiwa limefungwa, mchana, juani.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mkiandika tena kuhusu vifaa hivi, mwulizeni anayevisifia namba ya juu kabisa ilikua ngapi, mlipima kwa muda gani, na mashine ilikua imebebeshwa nini. Akishindwa mojawapo msichape avareji yake. Na wanaonunua kwa tenda, hospitali, viwanda, mamlaka za maji, waandike kwenye tenda hivo hivo, sio kuandika iwe ya kisasa na yenye kasi, hiyo hata feni ya mezani inafaulu.

Kuhusu mashine yetu, tuliijengea kerneli ya 6.12 yenye PREEMPT_RT, programu ya valvu tukaiandika upya na kuifungia kwenye memori, ripoti zikapewa kazi yake pembeni yenye cheo cha chini. Muziki tumewaachia. Kijana alirudishiwa hela yake ila kazi alishaacha, yuko kwenye bodaboda, nilimpigia kumwomba radhi akasema fundi yameisha, lakini kwa sauti ile ya mtu ambaye hayajaisha.

Tumepima siku tatu mfululizo mzigo wote ukiwa umewashwa, mizunguko zaidi ya milioni 250, namba ya juu maikrosekunde 94, karibu zote nyingine ziko chini ya 50. Ile 94 imetokea mara moja tu, saa kumi alfajiri ya siku ya pili, hamna mtu kiwandani, boksi limepoa, skrini haijaguswa. Haina madhara kwa chupa hata kidogo. Bado naitafuta.

Msomaji wako,
Fundi wa mashine, Tabata, Dar es Salaam